Uwanja, Duara na Ujira: Singida inaweza kubeba tamasha la sanaa za mtaani?

Mwombe mpenzi wa sanaa wa Afrika Mashariki akutajie matamasha. Ataanza na Sauti za Busara ya Unguja, atapita Bagamoyo, atavuka mpaka hadi Bayimba ya Uganda na Amani ya Goma, na akiwa msikilizaji makini atalikumbuka tamasha la muziki wa Wagogo kule Chamwino. Singida haitamjia kichwani. Mkoa huu watu wanaujua kwa alizeti, vitunguu, asali, kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam, na miaka ya karibuni kwa mpira wa miguu. Wenye kuutaja kwa sanaa ni wachache mno, ingawa sensa ya 2022 ilikuta humo watu zaidi ya milioni 2: Wanyaturu, Wanyiramba, Wanyisanzu, Wagogo wa Manyoni, Wasukuma waliohamia na mifugo yao, Wataturu, na Wahadzabe wa upande wa Mkalama. Ni sehemu chache sana za Afrika ambako lugha za Kibantu, za Kikushi, za Kinailoti na lugha za vidoko hukutana ndani ya mwendo wa siku moja wa gari. Kila moja ina namna yake ya kupiga, kuruka na kuimba.

Swali basi ni hili: mji wa Singida unaweza kubeba tamasha la kimataifa la sanaa za mtaani, yaani maigizo, ngoma na sarakasi zinazofanyika barabarani na viwanjani bila tiketi wala pazia? Mimi naamini unaweza. Naamini vilevile kwamba utashindwa vibaya ukianza kwa kukodi jukwaa, spika na taa kutoka Dar es Salaam, kwa sababu sanaa iliyopo Singida imejengwa juu ya kitu kingine kabisa.

Kitu hicho ni duara, na mahali pazuri pa kulitazama ni mnadani. Minada ya mifugo ndiyo mikusanyiko mikubwa ya kawaida ya mkoa huu, na palipo na mnada hapakosi mwuza dawa mwenye sanduku. Mtazame anavyotengeneza hadhira. Haanzi na dawa. Anatandika gunia, anachora mstari kwenye vumbi kwa ncha ya fimbo, anaweka sanduku katikati, kisha anaanza kulisemesha sanduku kana kwamba kuna mtu ndani. Wapita njia wawili watatu wanasimama. Anawasihi warudi nyuma hatua moja kwa usalama wao, na wakirudi wanakuwa duara. Sasa ana ukumbi. Kila mkono unapokaribia kifuniko anakumbuka kisa kingine: mke wa jirani, safari ya Kahama, mzee aliyekataa kunywa mzizi akajuta. Nyoka akitoka, kama atatoka, watu wameshafika mstari wa nne na wenye watoto wamewabeba mabegani. Dawa tunaweza kuibishia, lakini namna ile ya kumsimamisha mtu mwenye haraka na kumshika nusu saa juani ni uigizaji wa hali ya juu.

Kuna mji duniani ulioheshimiwa kwa ustadi huohuo. Mwaka 2001 UNESCO iliutangaza Uwanja wa Jemaa el-Fna mjini Marrakech, Moroko, kuwa kito cha urithi wa binadamu usioshikika. Hakuna jengo pale lililosifiwa. Kilichosifiwa ni wasimulizi, wapiga ngoma, wacheza nyoka na wanasarakasi, kila mmoja na duara lake, kila jioni. Marrakech hawakubuni kitu hicho kwa ajili ya wageni. Walikilinda kisizolewe na maegesho ya magari na majengo mapya, na wageni wakakifuata.

Ngoma nazo zinaishi kwa duara. Muheme ya Wagogo, ambayo Manyoni wanaimiliki sawasawa na Dodoma, hupigwa na wanawake, ngoma zikiwa zimebanwa katikati ya mapaja. Anayeongoza hasimami mbele ya wenzake. Yumo miongoni mwao, akiwasikia na kusikika. Watazamaji wamekaribia kiasi kwamba mwenye kuguswa anaingia, anatikisa mabega, anatuza, anatoka. Ipandishe muheme jukwaani, uwapange wale mama mstari mmoja wakikabili meza ya mgeni rasmi, uweke kipaza sauti kwa anayeimba peke yake, na utakuwa umewakata wanaoitikia. Mtazamaji ataona mavazi na kusikia kelele. Nimeona hilo likitokea mara nyingi katika sherehe zetu, na lawama huishia kwa kikundi: eti hawakujiandaa.

Wasukuma wa Singida wametoka katika utamaduni uliolielewa jambo hili mapema. Usukumani ngoma ni mashindano kati ya makundi hasimu ya Bagika na Bagalu, na kikundi kinapimwa kwa wingi wa watu kinaowavuta kutoka kwa mpinzani anayecheza wakati huohuo umbali mfupi tu. Ndiyo maana zikaingia nyoka, nungunungu, majembe yanayorushwa hewani katika ngoma ya bugobogobo, watu kupanda juu ya watu. Sikukuu ya Bulabo kule Kisesa na Bujora inaendeshwa kwa kanuni hiyo hadi leo. Ukitafuta mizizi ya sarakasi ya mtaani kwa Mtanzania wa bara, anza hapo kabla ya kutazama nje.

Nje nako, hata hivyo, kulichangia. Rais Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, ngoma zikapata kikundi cha taifa. Katikati ya muongo huo vijana wa Kitanzania wakapelekwa China kujifunza sarakasi, na kufikia mwisho wa miaka ya 1960 nchi ilikuwa na kikundi cha taifa cha sarakasi: vijana wa kujikunja, kubebana, kusimama juu ya viti vilivyopangwa mnara, kuzungusha sahani kwenye vijiti. Serikali iliiona sanaa hiyo kama kazi ya kufundishwa na kulipwa mshahara. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 vikundi vya taifa vilikuwa vimevunjwa, na mwaka 1981 kikafunguliwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho leo ni TaSUBa. Kimantiki ulikuwa uamuzi mzuri, kwamba badala ya kikundi kimoja cha kuburudisha wageni wa taifa kiwepo chuo cha kuzalisha wasanii. Kiutekelezaji sarakasi ilipoteza mshahara. Ikahamia kwenye vikundi vya mashirika na vya watu binafsi vya Dar es Salaam, Urafiki, Muungano na baadaye TOT, ambako ilikuwa kipande cha dakika chache katikati ya ngoma, kichekesho na taarabu. Vikundi hivyo vilipolegea, wanasarakasi wakabaki na fukwe za bahari, matairi ya kurukia na hoteli za watalii.

Tangu hapo njia ya mwanasarakasi wetu inaelekea nje. Februari 2024 Ramadhani Brothers, Fadi Ramadhan na Ibrahim Jobu, walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League nchini Marekani kwa mchezo wa mmoja kusimama kichwa chini juu ya kichwa cha mwenzake. Nchi nzima ilishangilia, na ilikuwa haki yake. Lakini waliotangulia na waliofuata njia hiyo, mamia ya Watanzania na Wakenya wanaozunguka na sarakasi za Ulaya na Asia kwa mikataba ya miezi, hawatazamwi hata mara moja na mtoto wa Ikungi au Kiomboi. Tunauza nje sanaa ambayo nyumbani hatujawahi kuionyesha vya kutosha. Tamasha la mtaani katika mji wa bara lingekuwa na thamani hata kama lingefanya hilo moja tu: kuwarudisha wanasarakasi hawa kwa wiki moja, mbele ya watu wasioweza kulipa kiingilio cha hoteli.

Singida inawaona watoto wake wakipanda minara ya binadamu, lakini katika halaiki. Mwenge wa Uhuru ukija, au sherehe ya kitaifa ikiangukia mkoa huu, shule zinakusanya watoto, wanafanyishwa mazoezi kwa majuma, wanapiga samasoti, wanapandana mabegani hadi ngazi ya tatu. Mei Mosi ya 2025 iliadhimishwa kitaifa katika Uwanja wa Bombadia mjini Singida. Nchi inaikumbuka kwa sababu Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza hapo ongezeko la asilimia 35.1 katika kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma. Mimi naikumbuka kwa jambo jingine pia: siku ile mji ulithibitisha kwamba unaweza kupokea ugeni wa taifa zima, ukawalaza na kuwalisha, na kuwapitisha barabarani kwa maandamano. Hoja ya kwamba Singida ni mji mdogo mno kwa tamasha ilijibiwa pale. Kilichobaki ni nani anatumbuiza na kwa malipo gani.

Hapo ndipo penye kidonda. Katika utaratibu wetu wa sherehe, kikundi cha ngoma kinaitwa na ofisi, kwa simu, siku chache kabla. Kinafuatwa na lori. Kinafika saa 12 asubuhi kwa ajili ya mgeni rasmi wa saa 4. Kinacheza wakati wageni wanashuka kwenye magari, kinakatizwa katikati ya wimbo kwa sababu ratiba imebana, na jioni mwenyekiti wa kikundi anakabidhiwa fedha ya soda na nauli. Anayefunga spika ana ankara. Mwenye mahema na viti ana ankara. MC amelipwa nusu kabla hajafika. Mwanamke aliyepiga muheme tangu asubuhi anaambiwa amewakilisha utamaduni wa mkoa. Katika bajeti ya shughuli hiyo ngoma inaandikwa chini ya kichwa cha burudani, na burudani ndiyo ya kwanza kupunguzwa.

Tamasha la kimataifa linaweza kulizidisha tatizo hili badala ya kuliondoa. Kikundi kitakachotoka Ufaransa kitakuja na mkataba wenye nauli ya ndege, malazi, posho ya siku na bima. Kikundi cha Mkalama kikipewa soda kwenye uwanja uleule, siku ileile, wote watajua, na watakuwa na haki ya kukasirika. Kwangu mimi hili linatangulia swali la ukumbi, la nembo na hata la nchi ngapi zitaalikwa. Mkataba wa maandishi kwa kila kikundi, cha ndani na cha nje, wenye kiasi, tarehe ya malipo na idadi ya maonyesho. Malipo yaingie kwenye akaunti au simu ya kikundi. Watu wa sanaa wanaposema wanataka kuthaminiwa, wanamaanisha hilo.

Kuna jambo la pili ambalo waandaaji wa matamasha hulipuuza, nalo ni haki ya kukataa. Si kila ngoma ni ya mtaani. Wahadzabe wana epeme, ngoma inayochezwa usiku usio na mbalamwezi, gizani kabisa, na giza lile ni sehemu ya ibada yenyewe. Wanawake wa Kinyisanzu wana ngoma zao za kuomba mvua ambazo mwanaume haruhusiwi kuziona. Wanyaturu wana mambo ya unyago wa wanawake yasiyosimuliwa hovyo. Mtayarishaji mwenye haraka ataona hazina. Atataka epeme chini ya taa saa 2 usiku kwa sababu ratiba ina nafasi. Waulizwe wenyewe, kwenye vijiji vyao, muda wa kutosha kabla ya tamasha, kipi kinatoka na kipi kinabaki. Wahadzabe wana nyimbo na michezo mingine ya kufurahisha mbele ya mtu yeyote. Wakisema hakuna kitakachotoka mwaka huu, jibu hilo nalo lipokelewe.

Maigizo ndiyo sehemu ambayo Singida ina kidogo zaidi, kwa kipimo cha vikundi vilivyojipanga, na bado mkoa uko katikati ya historia yake. Kilomita 240 hivi kutoka mjini ni Dodoma ya mshairi Mathias Mnyampala, aliyeifanya ngonjera kuwa silaha ya siasa ya Ujamaa na mchezo wa kila shule. Upande wa kaskazini, kijiji cha Malya mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980 Penina Mlama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliishi na wanakijiji, wakachambua nao matatizo ya vijana na ajira, wakayageuza kuwa michezo ya ngoma na ngonjera, kisha wakaketi kujadili walichokitazama. Njia ile ilienea, ikakua, na baadaye ikachoshwa na miradi: mchezo wa vyandarua, mchezo wa vyoo, mchezo wa lishe, kila mmoja na ujumbe ulioandikwa ofisini. Tamasha la Singida likijaza mitaa maigizo ya namna hiyo, watu wataondoka. Yule mwuza dawa yuko ng'ambo ya barabara, na ana sanduku.

Igizo la mtaani lenye uzito lina hatari yake pia. Kamiriithu, karibu na Limuru, wanakijiji wa Kenya walijenga ukumbi wa wazi na mwaka 1977 wakaigiza mchezo wao na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii kuhusu ardhi na ujira. Kibali kikafutwa baada ya majuma machache, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Wasanii wa mtaani wanakijua kisa hiki hata wasipokisoma. Huku kwetu vibali vinapita Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) na ofisi ya utamaduni ya halmashauri, na mwandaaji wa Singida atapaswa kukubaliana nao mapema kwamba kuchekesha wakubwa ni kazi ya kawaida ya igizo la barabarani. Bila uhuru huo yatabaki matangazo yenye mavazi.

Waliotutangulia wanatufundisha nini kuhusu kudumu? Bagamoyo ni mji mdogo kuliko Singida, na tamasha lake limekuwepo tangu 1982, mwaka mmoja baada ya chuo kufunguliwa. Limepita njaa za fedha, na hata ukumbi wa chuo ulipoungua mwaka 2002 halikufa. Sababu si wafadhili. Sababu ni kwamba wiki ya tamasha ikiisha, wapiga ngoma hawaondoki, wanafundisha Jumatatu. Sauti za Busara, iliyoanza 2004, ni tamasha kubwa zaidi na bora zaidi kiutendaji, maandamano yake ya ufunguzi yenye beni na sarakasi yanapita mitaani bila kiingilio, lakini mwaka 2016 lilishindwa kufanyika kwa kukosa fedha. Addis Ababa, Fekat Circus walijenga kwanza kikundi na mafunzo ya watoto, ndipo mwaka 2015 wakaita sarakasi za Afrika nzima kwenye tamasha lao. Nairobi, Sarakasi Trust ilianza na mafunzo mwaka 2001. Mfuatano ni uleule kila mahali palipofanikiwa: mafunzo, kikundi, kisha wageni.

Kwa Singida maana yake ni kuanza na wahitimu wachache wa TaSUBa walioajiriwa kukaa mkoani mwaka mzima, wakifundisha sarakasi katika shule ambazo tayari zina watoto wa halaiki, na kukusanya vikundi vya ngoma vya wilaya kwa mazoezi ya pamoja. Magodoro yanunuliwe kabla ya mabango. Mtoto anayepandishwa ngazi ya tatu juu ya udongo mkavu bila godoro wala bima si onyesho la uzalendo. Ni ajali inayosubiri siku. Na Singida ina upepo, upepo wa kweli, ambao umewafanya watu wapange kujenga mitambo ya umeme wake hapa. Anayesimama juu ya mabega ya mwenzake ataujua kabla ya mtazamaji. Maonyesho ya urefu yawekwe asubuhi au nyuma ya miamba inayokinga, mchana zichezwe ngoma.

Majira yenyewe yako wazi. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Kuanzia Juni watu wamevuna, kuna fedha kidogo mfukoni, barabara za vijijini zinapitika, na ngoma zenyewe hufuata mavuno. Agosti mwanzoni kuna Nane Nane ya kanda, inayokusanya Dodoma na Singida kule Nzuguni, na ratiba isigombane nayo. Usafiri umekuwa rahisi tangu 2024 treni ya SGR ilipofika Dodoma kutoka Dar es Salaam. Kutoka hapo ni lami hadi mjini, na lami nyingine inashuka kutoka Arusha kupitia Babati na Katesh, nyingine inakwenda Mwanza. Mji uko kwenye njia panda ya nchi. Mahali pa kuchezea nako hakuna shida: stendi, sokoni, tambarare za kando ya maziwa ya Singidani na Kindai, barabara zinazoweza kufungwa kwa jioni mbili. Uwanja wa LITI ubaki wa mpira. Ukiwa na uzio una mlango, na penye mlango mtu ataanza kuuza tiketi.

Fedha za kuanzia ziko karibu kuliko watu wanavyodhani. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na mikopo hiyo ilirejeshwa mwaka 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Kikundi cha ngoma kilichosajiliwa kinaweza kuomba kama wafuga kuku wanavyoomba. Ila afisa wa mikopo atawauliza watarejesha kwa mapato gani, na kikundi kinacholipwa soda hakina cha kumjibu. Kwa hiyo halmashauri ileile inayotoa mkopo ianze kwa kuandika mkataba wake wa kwanza na kikundi cha ngoma, kwa ajili ya sherehe yake ijayo, wenye kiasi cha fedha na tarehe ya kulipa.